Mto Uliosahauliwa Kwenye Hesabu

Sikilizeni, wanangu, niwasimulie habari ya mto na basi. Mto ni Msimbazi, basi ni mwendokasi.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unakatiza jiji la Dar es Salaam na kuingia baharini kwenye Daraja la Salenda. Kabla ya kufika huko unapita bonde pana lililo kati ya Magomeni na Kariakoo. Hapo ndipo Jangwani, mahali ambapo Yanga wana makao yao. Watani wao Simba nao wanaitwa Wekundu wa Msimbazi, kwa sababu ya mtaa wenye jina hilo hapo Kariakoo. Kwa hiyo mkibishana mpira, mnalitaja bonde hili kila siku.

Wakati wa kiangazi Msimbazi ni kijito chembamba, chenye mchanga mwingi na chupa za plastiki zilizonasa kwenye nyasi. Masika yakifika, maji ya vilimani yanateremka pamoja na maji ya kila paa na kila barabara ya lami njiani, na bonde lote linajaa. Bonde limefanya hivyo tangu zamani, kabla hatujajenga chochote. Ndiyo kazi yake: kupokea maji na kuyapa nafasi ya kutulia kabla hayajaingia baharini.

Sasa basi. Zamani mtu wa Kimara aliyefanya kazi Posta aliamka usiku wa manane na bado alichelewa. Foleni ya Barabara ya Morogoro ilikula saa mbili, asubuhi na jioni. Mwanafunzi ndiye aliyeteseka zaidi, maana nauli yake ni ndogo, na konda wa daladala alisimama mlangoni akimzuia kwa mkono huku akiita watu wazima wapande. Serikali ikakopa fedha Benki ya Dunia, ikajenga njia ya mabasi pekee, na Mei 2016 mwendokasi ulianza kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, karibu kilomita 21. Mwanafunzi alilipa shilingi 200. Jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Ilistahili. Basi moja refu linabeba abiria wa daladala kadhaa, kwa hiyo hata moshi unapungua.

Lakini faida ile ililipiwa na watu. Pale Gerezani kulikuwa na nyumba, zikabomolewa ili kituo kipatikane. Daladala ziliondolewa Barabara ya Morogoro, na makonda na madereva wakatafuta riziki kwingine. Nendeni Mtaa wa Msimbazi saa nne asubuhi mtazame: njia ya mabasi imepita katikati, na kijana anayesukuma guta lenye marobota ya vitambaa anasubiri pembeni, jasho linamtoka, mabasi mawili yapite ndipo avuke upesi kabla ya la tatu. Yeye hapandi basi lile akiwa na mzigo wake. Barabara ile imemrahisishia mwingine na kumwongezea yeye kazi. Simaanishi kwamba haikupaswa kujengwa. Nasema na yeye alipaswa kuhesabiwa.

Kisha kuna aliyesahauliwa kabisa, naye ni mto. Mabasi yanahitaji mahali pa kulala, kuoshwa na kutengenezwa, na yadi ilijengwa Jangwani, bondeni. Ukitazama ramani tu, utaona ni mahali pazuri: uwanja mkubwa, karibu na mjini. Ila kila mtu wa Magomeni anajua kwa nini uwanja ule ulikuwa mtupu. Desemba 2011, miaka zaidi ya minne kabla ya basi la kwanza, mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mto ulikuwa umeshasema.

Masika ya 2018 ukasema tena. Maji yaliingia yadini, mabasi yakaharibika, na Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani. Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Tuseme wewe unakaa Kimara na shule yako iko ng'ambo ya bonde: siku hiyo unashushwa Magomeni, ukiwa na sare na mkoba, na safari yako imeishia hapo. Saa zako za darasani zilizopotea hazikuandikwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Mafundi hupiga hesabu ya saruji, nondo na mafuta. Mafuriko yakija, gharama iliyoachwa nje ya karatasi inalipwa na abiria, na ile ya mabasi yaliyoharibika inarudi kwa mlipa kodi.

Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kujengwa, na wananchi wanaoguswa wasikilizwe. Neno kubwa hapo ni kabla. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza Bonde la Msimbazi: daraja jipya lililo juu zaidi Jangwani, yadi ihamishwe, mto upewe nafasi, na bustani pale palipokuwa na nyumba. Naupenda mradi huu. Hata hivyo nao una watu wake wa kuhesabu. Mwenye nyumba anathaminiwa na kulipwa fidia. Mpangaji aliyeishi chumba kimoja, na mama lishe aliyewapikia mafundi wa gereji pale bondeni, wao wanathaminiwa kwa kipimo gani?

Siku moja mwenyekiti wa mtaa wenu ataita mkutano kuhusu barabara, soko au daraja. Wafuateni wazazi wenu mkae mbele. Ulizeni maji ya masika yatapita wapi, ulizeni nani atahama na atakwenda wapi, na msiondoke mpaka majibu yaandikwe kwenye muhtasari.