Altaneta kwenye Injini ya Kizamani: Nyoosha Kwanza, Kaza Baadaye

Mkanda mpya ukilia kila gari linapowashwa, mafundi wengi hukimbilia kuukaza. Mlio hupungua kwa muda, kisha hurudi ukiwa na mwenzake: mngurumo wa beringi za altaneta, na pengine za pampu ya maji, zilizobebeshwa mzigo usio wao. Kwenye gari ambalo altaneta imefungwa baadaye, mimi huanza kutilia shaka breketi kabla ya mkanda. Mara nyingi puli hazitazamani.

Chukua Land Rover ya Series II au IIA. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 ilitoka kiwandani na dainamo, kwa kawaida Lucas C40, ambayo hutoa takriban ampea 22 ikizunguka kwa kasi, na injini ikiwa taratibu haitoi cha maana. Altaneta ya Lucas 16ACR hutoa takriban 34, na za Kijapani zinazopatikana kwa wauza spea hutoa zaidi. Ndiyo maana wenye magari haya hubadilisha, na nawaunga mkono. Lakini dainamo ni ndefu na nyembamba, altaneta ni fupi na nene. Sikio la nyuma halifiki tena kwenye breketi ya zamani, basi kinakatwa kipande cha chuma, kinachomelewa kwa kukadiria kwa macho, na kazi inahesabiwa imekwisha.

Kabla ya kuigusa altaneta, tazama puli zinazoizunguka. Puli ya krenki na ya pampu ya maji hazisogei, kwa hiyo hizo ndizo kipimo chako. Tafuta fimbo ya chuma iliyonyooka kweli, uilaze ndani ya mifereji yao. Ukilinganisha nyuso za nje tu unaweza kudanganyika, kwa kuwa umbali kutoka ukingo hadi katikati ya mfereji hutofautiana kati ya puli na puli. Kama hizi mbili zenyewe zimepishana, huenda pampu au puli ni ya injini nyingine, na hakuna namna ya kuifunga altaneta itakayoponya hilo.

Sasa ilete altaneta kwenye mstari huo. Ikiwa puli yake iko sambamba na zile mbili ila imetangulia mbele au imebaki nyuma, kazi ni nyepesi: washa nene kati ya breketi na sikio, au puli yenye kina tofauti, itaisogeza. Shida ni pale inapoinama, yaani ekseli yake haiko sambamba na krenki. Washa haziwezi kutibu tundu la breketi lililotobolewa upande. Kata, nyoosha, chomelea upya, bolti ikiwa imepita kwenye matundu yote mawili wakati wa kuchomelea. Kwa mkanda wa umbo la V, mwinamo usizidi nusu digrii, ambayo ni karibu milimita 2.5 tu kwa kila sentimita 30. Jicho peke yake halitoshi kuuona.

Jambo linaloniuma zaidi ni masikio yaliyovunjika. Gamba la altaneta ni aluminiamu. Fundi akiacha mwanya kwenye sikio la nyuma kisha akakaza nati hadi mwanya ufunge, aluminiamu inavutwa kila siku huku injini ikitetemeka, na siku moja hukatika. Altaneta nyingi zina bushi inayoteleza ndani ya sikio la nyuma kwa ajili hiyo hasa: sikio la mbele ndilo linaloamua mahali, bushi hujongea na kuziba nafasi iliyobaki. Kama imeganda kwa kutu, itoe, isafishe. Kama haipo, jaza mwanya kwa washa zenye unene kamili kabla ya kukaza.

Mkono wa kurekebishia nao unaweza kuharibu kazi yote. Ukiwa umepinda, kukaza bolti yake huivuta altaneta pembeni, kwa hiyo laza fimbo tena kila kitu kikiwa kimekazwa. Unapoivuta ili kukaza mkanda, tumia kipande cha mbao upande wa mbele, karibu na puli. Usisukume kwa mtaimbo gamba la nyuma. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu ya mkanda: ushuke takriban milimita 10.

Upande wa umeme nitataja machache. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilifungwa chanya kwenye bodi, na altaneta inataka hasi. Ukikosea, dayodi zinaungua papo hapo. Kisanduku cha kudhibiti dainamo kiondolewe kwenye mzunguko, na waya mkuu uwe mnene zaidi. Kwangua rangi pale breketi inapogusa injini, maana umeme hurudi kupitia hapo. Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5.

Mkanda mpya hulegea kidogo mwanzoni, basi baada ya safari ya kwanza rudi ukapime. Angalia pia kama kuna unga mweusi wa mpira umetapakaa kwenye breketi. Kisha fungua mkanda uutazame pande zake mbili: ukiwa umelika upande mmoja tu, irudishe fimbo kwenye puli kabla ya kugusa spana.