Jinsi Safari ya Mizigo ya Nchi Ipimwavyo

Mwenye duka wa Kampala aagizapo vitambaa kutoka Uchina, mzigo wake husafiri melini hata Mombasa, hupita forodhani, kisha hupakiwa katika lori au gari la moshi kwenda Uganda. Kila mahali waweza kukawia, na kila siku ya kukawia ina gharama yake. Je, nchi yaweza kupimwa kwa jambo hili?

Yaweza. Tangu mwaka 2007 Benki ya Dunia imekuwa ikiwauliza wapelekaji mizigo juu ya forodha, bandari na barabara, nauli, ustadi wa watumishi, kufuatilia mzigo ulipo, na kufika kwake kwa wakati. Alama hutolewa toka 1 mpaka 5. Mwaka 2023 zilipimwa nchi 139, na Singapore, kisiwa kisicho na mashamba makubwa wala madini, ikawa ya kwanza kwa alama 4.3.

Lakini maneno ya watu ni maneno tu. Kwa hiyo mwaka ule ziliongezwa hesabu za mwendo wa makontena yenyewe. Ilionekana kwamba, kwa wastani, kontena hutumia siku 44 toka kuingia bandari litokako hata kuondoka bandari liendako, nazo safari huzidi au hupungua kwa siku kama 10. Sisi twaona siku hizo 10 ndizo ziumizazo. Ajuaye kwamba mzigo utachukua siku 44 ataagiza mapema. Asiyejua hana budi kujaza ghala, na fedha yake hulala humo.

Kipimo cha pili ni moshi: tani moja ikichukuliwa kilometa moja, hutoka moshi kiasi gani? Meli hutoa kidogo, gari la moshi huifuata, kisha lori; eropleni huwapita wote. Na lori likirudi pwani tupu, moshi wa kurudi nao huhesabiwa.

Wakati mwingine vipimo hivi hugombana. Maua ya Naivasha hufika Ulaya upesi kwa eropleni, kwa moshi mwingi. Wakulima wengine wakaanza kuyapeleka kwa meli, safari ya majuma kama manne. Mwisho wa mwaka 2023 meli zikashambuliwa katika Bahari ya Shamu, nyingi zikaizunguka Afrika ya Kusini, na safari ya maua ikarefuka.