Siku Tatu Dar es Salaam: Nasaha kwa Mwanachama Asafiriye

Karafuu zikisha kupimwa na fedha ikisha kupokewa, wanachama wengi huwa na safari ya Dar es Salaam. Mmoja ana mgonjwa wake Muhimbili. Wa pili amealikwa harusi Temeke. Wa tatu anataka mabati ya nyumba, na amesikia kwamba Kariakoo bei ni nafuu. Aghalabu safari zenyewe ni fupi, siku tatu tu, na fedha iliyomo mfukoni imepatikana pishi kwa pishi, juu ya ngazi na juani kwenye jamvi. Maneno haya ni kwa mwanachama ambaye hajapata kuufika mji ule, au aliufika zamani akiwa mtoto wa kushikwa mkono. Shabaha yake ni moja: uende, umalize ulilolifuata, urudi nyumbani na salio.

Kwanza kabisa, mji usikutishe. Aliyeuanza ni Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, aliyejenga hapo katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima. Alifariki mwaka 1870 kazi haijakwisha, na mwaka 1891 Wajerumani wakaufanya makao makuu yao. Kwa hivyo mtu wa visiwani akienda Dar es Salaam, ni kama anayekwenda kumtazama mjukuu. Tatizo ni kwamba mjukuu amekua. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta watu 5,383,728 katika Dar es Salaam, ilhali Zanzibar yote, Unguja na Pemba pamoja, ilikuwa na watu 1,889,773. Yaani mji mmoja una watu karibu mara tatu ya visiwa vyetu vyote.

Kutokana na hesabu hiyo, yako mambo mawili ya kujua. Kwetu mtu hupita njiani akamwamkia kila amkutaye. Ukifanya hivyo Kariakoo, adhana ya Isha itakukuta bado unaitikia salamu na duka hujalifika. Lakini pia usipinduke ukawa bubu. Kabla ya kumwuliza mtu njia, msalimu kwanza. Mtu wa Dar es Salaam ana haraka, lakini ukimwamkia vizuri atasimama akuelekeze, na pengine akusindikize mpaka kwenye kona.

KABLA YA KUONDOKA

Andika katika karatasi jambo ulilolifuata. Liwe moja, au mawili yakizidi. Mtu aendaye siku tatu na mambo tisa hurudi na matatu nusunusu. Karatasi hiyo hiyo iandike jina la mwenyeji wako, mtaa wake, na namba yake ya simu. Utasema, "Namba zote zimo ndani ya simu." Ni kweli, lakini simu ikizimika, namba nazo huzimika pamoja nayo, na karatasi haiishi chaji.

Chukua kitambulisho chako. Chukua mzigo ambao wewe mwenyewe waweza kuubeba kwa mkono mmoja, kwani mkono wa pili una kazi ya kulinda mfuko. Zawadi ya mwenyeji ni halua ya Pemba, haitakutia aibu popote. Gunia la karafuu liache nyumbani, maana karafuu zina sheria zake, na safari ya kumtazama mgonjwa isije ikageuka safari ya kujieleza.

KUSHUKA BANDARINI

Boti ya mwendo wa kasi kutoka Unguja huchukua kama saa mbili. Ukitoka katika geti utasikia ukiitwa na watu wengi kwa mara moja: "Shehe, teksi!" "Mzee, bajaji hii hapa!" "Mama, leta mzigo!" Usidhani kuwa umekuwa mtu mashuhuri, kila ashukaye hupokewa hivyo hivyo. Atakayeushika mzigo wako bila ya kuulizwa atataka ujira wake, na haki yake ni kwa kadiri mliyopatana. Kama hamkupatana, basi kadiri ataitaja yeye, na ataitaja mkiwa mmekwisha fika. Sema bei kwanza, mzigo uinuliwe baadaye.

Ng'ambo ya barabara utaliona kanisa la Mtakatifu Yosefu lenye mnara mrefu. Lishike hilo liwe alama yako. Siku ya kurudi, ukipotea katikati ya mji, uliza kanisa hilo na bandari utaiona mbele yake.

MAJINA YADANGANYAYO

Mtu wa visiwani hupotea Dar es Salaam kwa sababu ya kujua, si kwa sababu ya kutojua. Atasikia Mtoni, atasikia Magomeni, atasikia Kariakoo, na majina hayo yote yako Unguja. Moyo hutulia ukadhani umefika nyumbani. Hasha. Mtoni ya kule iko upande wa Temeke, na wala hakuna kasri. Kariakoo ya kule ni soko na mitaa ya maduka isiyokwisha. Jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Tena yako majina ya kule kwenyewe yaliyo pacha. Ukimwambia mtu "Posta", atakuuliza ipi, maana iko Posta ya Zamani karibu na bandari, na iko Posta Mpya ndani kidogo ya mji. Ukimwambia kondakta "Makumbusho", atakupeleka Kijitonyama, kwenye kituo cha mabasi na Kijiji cha Makumbusho, ilhali Makumbusho ya Taifa yako katikati ya mji, Mtaa wa Shaaban Robert. Na basi lililoandikwa Morocco haliendi kwa Waarabu wa Maghribi. Linaishia Kinondoni, na pasipoti haitakikani.

Haya ni ya kuchekesha, lakini pacha mmoja hachekeshi. Hospitali ya Taifa Muhimbili iko Upanga, karibu na katikati ya mji. Muhimbili Mloganzila iko nje kabisa, upande wa magharibi ng'ambo ya Mbezi, na baina ya hizo mbili pana zaidi ya kilomita 20 za magari yaliyosongamana. Mwenye mgonjwa akienda Upanga na mgonjwa wake yuko Mloganzila, saa za kutazama wagonjwa zitampita yuko njiani na chakula kimempoa mkononi. Na hapo Upanga penyewe pana Taasisi ya Mifupa na Taasisi ya Moyo, kila moja na mlango wake. Kwa hivyo kabla hujaondoka nyumbani mpigie simu aliye na mgonjwa, umwulize mambo manne: hospitali ipi, jengo lipi, wodi ipi, na saa za kuingia ni zipi. Yaandike katika ile karatasi.

MAGARI

Daladala huandikwa mbele yake linakotoka na linakokwenda. Lisome kabla ya kupanda, na usitegemee masikio, kwani kondakta huita vituo sita kwa pumzi moja. Nauli mwulize abiria aliyekaa karibu nawe. Ukikaribia kushuka, sema "Shusha!" kwa sauti ya kusikika. Ukisema kwa adabu kama unayeomba maji ya kunywa, utashuka kituo cha tatu.

Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi mwaka 2016 na yana njia yao peke yao, hata foleni ikiwa ndefu. Haya nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda. Asubuhi na jioni hujaa mpaka mtu hana pa kuweka mguu, basi mwenye shughuli iliyoweza kungoja aende saa nne au saa tano asubuhi.

Bajaji na bodaboda patana bei kabla ya kukaa. Na ukipanda bodaboda, vaa kofia ngumu. Mtu aliyepanda mikarafuu miaka 30 bila ya kuanguka asije akaanguka barabarani kwa kuona haya kuvaa kofia ya mwenzake.

Anayetaka kuendelea bara na ajue kwamba mabasi ya mikoani hayako tena Ubungo. Tangu mwaka 2021 yako katika kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, mbali na bandari. Gari moshi jipya la umeme, lililoanza kuchukua abiria mwaka 2024, hukufikisha Morogoro na Dodoma, na stesheni yake iko katikati ya mji.

LUGHA

Lugha ni moja, lakini sokoni yaweza kukushangaza. Ukitaka tungule, sema nyanya. Mbatata ni viazi, boflo ni mkate, na skuli ni shule. Usiseme kwamba wamekosea, wala usikubali kwamba umekosea wewe. Onyesha kwa kidole, ulipe, uende zako. Mambo ya sarufi yana watu wake, na wewe una siku tatu.

FEDHA

Hapa ndipo penye makala yenyewe. Fedha usiiweke pahala pamoja. Ya nauli na chakula iwe mfuko wa mbele. Nyingine iwe ndani ya nguo, au katika simu yenye namba ya siri ambayo huijui ila wewe. Usihesabu noti njiani. Katika msongamano wa Kariakoo, simu haina kazi nje ya mfuko.

Wako watu watatu wa kuwaepuka. Wa kwanza hukuuzia simu mpya kwa bei ya kuku; ukifungua karatasi nyumbani utakuta kipande cha sabuni. Wa pili huandika ujumbe, "Ile pesa tuma kwa namba hii," naye hujui ni nani wala pesa ipi. Mwache aendelee kungoja. Wa tatu huokota bahasha mbele ya miguu yako akasema mgawane. Mwambie hukupoteza kitu, na uongeze mwendo.

Anayenunua mabati au bidhaa za duka asiangalie bei ya Kariakoo peke yake. Aongeze ujira wa hamali, gari mpaka bandarini, nauli ya mzigo mpaka Unguja, kisha mpaka Pemba, na gari la kufikia kijijini. Huenda akaona kwamba bei ya Wete, aliyoikimbia, ilikuwa ndiyo nafuu. Akiona bado ina faida, na anunue, adai risiti ya mashine na aitunze mpaka mzigo utue uani kwake. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MWENYEJI NA SAA YA KURUDI

Wazee walisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Nyumba za Dar es Salaam nyingi hazina jembe, lakini maana imebaki pale pale. Mwenyeji wako huenda huondoka alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku kwa sababu ya foleni. Usimngoje akupeleke kila pahala. Mwombe akueleze usiku, nawe asubuhi ujitegemee.

Ukibakiwa na saa moja ya kutembea, tazama sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Au nenda Makumbusho ya Taifa, ile ya Mtaa wa Shaaban Robert, ujue habari za fuvu alilolipata Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, la kiumbe aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Au shuka soko la samaki la Feri asubuhi, usikilize mnada. Bei ya samaki itakufanya ukumbuke nyumbani.

Tiketi ya kurudi inunue mapema, na uisome saa yake vizuri, kwani huandikwa Kizungu. Ikisema 07:00 ni saa moja asubuhi. 12:30 ni saa sita na nusu mchana. 16:00 ni saa kumi jioni. Boti haimngoji aliyekosea hesabu.

Kila mchumaji ajua kwamba tawi la mkarafuu huvunjika ghafla, na kwa sababu hiyo hulijaribu kwa mkono kabla ya kuliwekea mguu. Mji nao ni vivyo hivyo. Jina la pahala, bei ya gari, neno la mtu usiyemjua, yote yajaribu kwanza kwa kuuliza. Kuuliza ni bure kule kama ilivyo bure huku, na fedha isiyopotea njiani ndiyo itakayoezeka nyumba.

Safari njema, na umsalimu mgonjwa.