NASABA NA MAKABILA YA BANI ISRAILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kutokana na mwanamume mmoja na mwanamke mmoja; na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, vijana wetu wa madrasa hutuuliza: ikiwa nasaba haimwinui mtu mbele ya Mwenyezi Mungu, kwa nini Bani Israili waligawanywa kwa nasaba? Suala hili ni zuri, nasi leo twataka kulieleza.

Israili ni jina la pili la Nabii Yaakub (A.S.), mwana wa Is-haka, mwana wa Ibrahim. Basi Bani Israili maana yake ni wana wa Yaakub. Alijaaliwa wana kumi na wawili, miongoni mwao Yusuf, Binyamini, Yahuda na Lawi. Vizazi vyao ndivyo yalivyotoka makabila ambayo Qurani huyaita asbati. Kila kabila lilikuwa na koo zake, na kila ukoo ulikuwa na nyumba za mababa.

Mgawanyo huo ulikuwa na kazi yake. Katika Suratil Aaraf, aya ya 160, twaelezwa kuwa Nabii Musa (A.S.) alipolipiga jiwe kwa fimbo yake, zilibubujika chemchemi kumi na mbili, na kila kabila likajua mahali pake pa kunywea. Katika Suratil Maida, aya ya 12, twaelezwa pia kuwa waliwekewa viongozi kumi na wawili. Basi kabila lilikuwa njia ya kuwapanga watu, ili kila mmoja apate haki yake bila ya ugomvi.

Vitabu vya Mayahudi navyo vyasimulia kuwa ardhi iligawanywa kwa makabila. Kabila la Lawi halikupewa jimbo, kwani kazi yake ilikuwa ni ibada. Lilipewa miji 48 katikati ya wenzao. Kizazi cha Yusuf kikahesabiwa makabila mawili, Efraimu na Manase, na hivyo mafungu ya ardhi yakabaki kumi na mawili. Yasimuliwa pia kuwa mtu mmoja, Selofehadi, alikufa akaacha mabinti watano bila ya mtoto wa kiume. Mabinti hao wakarithi ardhi ya baba yao, kwa sharti waolewe ndani ya kabila lao, ili ardhi isihamie kabila jingine.

Lakini lililowekwa liwe utaratibu, baadhi yao waliligeuza kuwa kiburi. Walimwomba Nabii wao awawekee mfalme. Alipowaambia kuwa Mwenyezi Mungu amemteua Talut, walipinga, wakadai kuwa wao wanastahiki zaidi ufalme na kwamba yeye hana mali. Wafasiri wameeleza sababu yake: Talut alikuwa wa kizazi cha Binyamini, na wao walizoea kuwa unabii umo katika kizazi cha Lawi na ufalme katika kizazi cha Yahuda. Jawabu imo katika Suratil Baqara, aya ya 247: Mwenyezi Mungu ndiye aliyemteua, na amemzidishia elimu na nguvu za mwili. Nasaba haikutajwa.

Baada ya Nabii Suleiman (A.S.) kufariki, makabila yaligawanyika falme mbili. Ufalme wa kaskazini uliangushwa na Waashuri karibu na mwaka 722 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), na watu wake wengi wakahamishwa. Ule wa Yahuda uliangushwa na Wababeli mwaka 586 kabla yake. Waliporejea kutoka Babeli, baadhi ya jamaa waliodai ukuhani walitafuta majina yao katika daftari za nasaba wasiyaone, wakazuiliwa kazi hiyo.

Je, yafaa basi tuidharau nasaba? La. Bibi Safiya (R.A.), mkewe Mtume (S.A.W.), alikuwa wa kizazi cha Nabii Harun (A.S.). Alipoaibishwa kwa asili yake akalia, Mtume (S.A.W.) alimliwaza, akamkumbusha kuwa baba yake ni Nabii, ami yake ni Nabii, na mumewe ni Nabii. Hapa pana mafunzo mawili: nasaba ni neema ya kujulikana, na ni haramu kuifanya upanga wa kumchomea mwenzio.

Enyi wazee, tujipime kwa mizani hiyo. Ni mara ngapi posa ya kijana mwenye dini na tabia njema imerudishwa kwa sababu ya kabila lake tu? Na mtoto anayesikia nyumbani kabila la jirani likitukanwa, atajifunza udugu wa Kiislamu wapi? Suratil Hujurat, aya ya 13, yatufundisha kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na mbora wetu ni mchamungu zaidi.

Tumalizie kwa baba wa makabila yale yote. Yaakub (A.S.) alipofikwa na mauti aliwakusanya wanawe, na lililomshughulisha ni moja tu: watamwabudu nani baada yake. Wakamjibu kuwa watamwabudu Mungu Mmoja, Mungu wake na wa baba zake. Huo ndio urithi aliotaka kuuona mikononi mwao kabla hajafumba macho.

Ewe Mola wetu, tujaalie sisi na vizazi vyetu tuwe wachamungu, na uziunganishe nyoyo zetu. Amin.