"Intaneti ya Bure kwa Wageni": Maneno Manne Yanayohitaji Kupimwa

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza msemo mmoja ambao siku hizi huonekana katika mabango ya hoteli, viwanja vya ndege na bustani za mapumziko: "Intaneti ya bure kwa wageni." Msemo wenyewe ni mfupi, na kila neno lililomo ama ni la Kiswahili cha asili ama limekwisha kupokewa. Hata hivyo, mfasiri anayeuandika, mwalimu anayeufundisha na mtumishi wa serikali anayeuidhinisha watakubaliana nasi kwamba wepesi wake ni wa juu juu tu. Tumchukue mkazi wa Mkonze, kata iliyomo katika Jiji la Dodoma, amesimama mbele ya bango kama hilo. Ana haki ya kuuliza maswali manne: Ni huduma gani hii? Inapatikana mahali gani? Je, mimi nimo miongoni mwa hao wageni? Na je, ni kweli kwamba sitatoa kitu? Bango lisilojibu maswali hayo limeshindwa kazi yake, hata kama sarufi yake ni safi.

1. Huduma: intaneti, mtandao na waifai

Maneno haya matatu hutumiwa kana kwamba maana yake ni moja. Sivyo. "Mtandao" ni neno pana: tunasema mtandao wa barabara, mtandao wa simu, na tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao. "Intaneti" ni ule mtandao mmoja mkuu unaounganisha kompyuta za dunia nzima. "Waifai" ni njia mojawapo tu ya kuufikia mtandao huo. Kanuni za kiufundi za njia hii zilitolewa mwaka 1997, na jina lenyewe likabuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya biashara. Kwa kuwa si kifupisho cha maneno yoyote, mfasiri asijisumbue kutafuta maneno yaliyofichika ndani yake.

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi. Waya wa mawasiliano, aghalabu uliounganishwa na Mkongo wa Taifa, huleta intaneti hadi kwenye chombo kiitwacho ruta. Ruta huigeuza kuwa mawimbi ya redio, na simu ya mtumiaji huyapokea katika umbali wa makumi ya mita. Kwa hiyo sifa ya "bila waya" inahusu kipande cha mwisho cha safari tu. Sehemu kubwa ya njia bado ni waya. Wazee wetu walipoiita redio ya mawasiliano "simu ya upepo" waliona jambo hilo hilo: sauti inapita mahali ambapo jicho halioni kamba.

Tofauti hii ina faida ya vitendo. Mara nyingi mtu huona alama ya waifai katika simu yake, lakini hawezi kutuma hata ujumbe mmoja. Ruta inamsikia, ila waya ulio nyuma yake umekatika. Asiyejua kutenganisha waifai na intaneti ataitupia lawama simu yake. Tunapendekeza basi "intaneti" iwe jina la huduma, na "waifai" liwe jina la njia: "intaneti kwa njia ya waifai."

2. Mahali: mbuga, hifadhi au bustani

Lugha za kigeni zinaweza kulitumia neno moja kwa pori la simba, kwa bustani ya mji na kwa kiwanja cha burudani chenye bembea kubwa na treni za kuchezea, kama kile cha Disneyland kilichofunguliwa California mwaka 1955. Kiswahili kina maneno zaidi, na ni vyema yatumike. "Mbuga" katika matumizi ya watalii ni pori la wanyama. Lakini kwa mkulima wa nyanda za kati mbuga ni bonde la udongo mweusi wa mfinyanzi, linalotuama maji wakati wa masika. Ukimwambia kwamba mbugani kuna intaneti, utamshangaza.

"Hifadhi" ina maana ya kisheria: ni eneo linalolindwa. Mfano mzuri ni Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Mwezi Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania lilizindua huduma ya intaneti katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Desemba mwaka huo huo huduma hiyo ikafikishwa katika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni usalama wa wapandaji na wapagazi. Hapo neno "bustani" lingekuwa mzaha. Kinyume chake, Chinangali ya Dodoma ni bustani ya mapumziko, na hakuna anayeiita hifadhi. Kwa kiwanja cha michezo na bembea chenye kiingilio, kama kile cha michezo ya maji kilichoko Kunduchi, Dar es Salaam, tunapendekeza "bustani ya burudani."

3. Mtu: nani ni mgeni?

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Katika Kiswahili mgeni ni yule anayepokewa, na methali yetu yasema "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini mgeni ni pia mtu wa nchi nyingine. Katika hifadhi zetu viwango vya kiingilio vya raia na vya watu kutoka nje ya nchi vinatofautiana, na mwananchi amezoea kusoma mabango yanayomtenga na "wageni." Akisoma "Intaneti ya bure kwa wageni," anaweza kuhitimisha kwa haki kabisa kwamba huduma hiyo si yake, akaendelea kutumia kifurushi alichokinunua kwa fedha zake. Ikiwa huduma imelipiwa na fedha za umma, kosa hilo la neno moja limemnyima mwenye mali haki yake.

"Mtalii" halitufai, kwa maana mama aliyewaleta watoto kucheza siku ya Jumapili hajioni kuwa mtalii. "Mteja" linafaa mahali pa biashara tu. Tunapendekeza bango liseme wazi: "kwa watu wote waliomo ndani ya bustani." Maneno yameongezeka, lakini shaka imeondoka.

4. Malipo: bure si bila malipo

"Bure" ni neno lenye nyuso mbili. Kitu cha bure hakilipiwi. Lakini kazi bure ni kazi isiyo na faida, na mtu bure ni mtu asiye na maana. Katika mazungumzo muktadha huondoa utata. Katika maandishi rasmi "bila malipo" ni salama zaidi, kwani linataja jambo moja tu: fedha.

Hata hivyo, kutolipa fedha si sawa na kutotoa chochote. Huduma nyingi za namna hii humtaka mtumiaji aandike jina, namba ya simu au anwani ya barua pepe kabla ya kufunguliwa njia. Hizo ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka mtu afahamishwe madhumuni ya ukusanyaji kabla taarifa zake hazijachukuliwa. Kama maelezo hayo yameandikwa kwa lugha asiyoielewa, ama kwa Kiswahili kilichofasiriwa neno kwa neno hata kikapoteza maana, kidole kinachobonyeza "Nakubali" hakijakubali kitu. Istilahi hapa si pambo. Ndiyo inayoipa ridhaa uzito wake. Tunashauri "ridhaa" itumike kwa kukubali baada ya kuelewa, "masharti ya matumizi" kwa kanuni za huduma, na "nywila" kwa neno la siri la kufungulia njia, likifuatwa na maelezo mafupi hadi litakapozoeleka.

Kwa kuyakusanya yote tuliyoyasema, bango lingeweza kusomeka hivi:

INTANETI BILA MALIPO, kwa njia ya waifai. Kwa watu wote waliomo ndani ya bustani. Muda: saa moja kwa kila mtu. Utaombwa namba ya simu ili kukufungulia njia tu. Haitatumiwa kwa jambo jingine.

Sentensi ya mwisho, bila shaka, iandikwe pale tu ambapo ni kweli. Mfasiri hana mamlaka ya kuahidi lisilotekelezwa. Lakini anao wajibu wa kumwuliza mwenye bango kabla ya kuandika.

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu na watumishi walioko mikoani, watuletee maneno wanayoyasikia yakitumika kwa dhana hizi katika maeneo yao. Istilahi inayotoka vinywani mwa watu hudumu kuliko ile inayotoka mezani.