Taka, Kasa na Umeme: Tuanze na Kutenganisha (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi mvua za masika zinavyosomba taka za miji ya pwani kupitia mitaro na mito hadi baharini. Leo tutazame kwa nini tiba mbili tunazozitumainia, kuokoa wanyama na kuchoma taka tupate umeme, hazijatutoa kwenye matatizo.

Tuanze na kasa. Mfuko wa plastiki unaoelea hufanana na konyeza, ambaye ni chakula chake. Akiumeza, utumbo huziba, gesi humjaa tumboni, naye hushindwa kuzama. Huelea akidhoofika kwa njaa, katika hatari ya kugongwa na boti. Watamu, nchini Kenya, wapo wanaowatibu kasa wa namna hiyo, na wavuvi huwasaidia. Ni kazi ya heshima kubwa. Lakini tiba ya kasa mmoja huweza kuchukua wiki au miezi, kisha anarejeshwa katika bahari ile ile iliyomdhuru.

Kuhusu umeme, mwaka 2018 Ethiopia ilizindua mtambo wa Reppie kwenye jalala la Koshe, Addis Ababa, ili kuchoma taka. Wengi wanauliza mbona nasi hatufanyi hivyo. Jibu limo ndani ya pipa: zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni maganda na mabaki ya chakula yaliyojaa maji. Ukizitia tanurini, joto jingi hupotea katika kuzikausha.

Taka hizo zikitiwa katika mtambo wa bayogesi usiopitisha hewa, bakteria huziozesha na kutoa methani ya kupikia. Tope linalobaki ni mbolea. Zikiachwa jalalani, methani hiyo hupaa na kuongeza joto la dunia. Sharti ni zisichanganywe na plastiki wala betri.

Nayo plastiki ikitengwa na kukusanywa, haisombwi hadi baharini. Kwa hiyo kutenganisha taka kunamlinda kasa na kutupatia nishati kwa pamoja. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, Tanzania bara mwaka 2019, na sheria ya Kenya ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe. Kinachouma ni kuona mwananchi anatenganisha nyumbani, kisha lori linazimwaga pamoja. Serikali za miji zipange siku tofauti za kuzoa kila aina ya taka. Nawe msomaji, weka ndoo mbili jikoni, kisha mdai diwani wako akueleze taka hizo zinapelekwa wapi.

Sehemu ijayo itaeleza ujenzi wa mtambo mdogo wa bayogesi sokoni.