UA LA VINKA KATIKA UWANJA WA CHAMA



Mkaguzi afikapo katika ofisi ya chama cha msingi, kabla hajakabidhiwa daftari la fedha huwa amekwisha kuuona uwanja. Katika vyama vingi nilivyovikagua, uwanja huo ni udongo mtupu. Wakati wa kiangazi vumbi huingia ghalani na kutua juu ya magunia na vitabu. Wakati wa masika maji huchimba makorongo hadi msingi wa jengo ukaanza kuonekana. Matengenezo ya msingi hulipwa kwa fedha za wanachama. Kwa hiyo kuufunika udongo si urembo tu, bali ni kuilinda mali ya chama.

Mmea mmoja ufaao kwa kazi hiyo ni ule wenye maua madogo ya waridi au meupe, kila ua likiwa na petali tano, ambao katika makala hii nitauita vinka. Wataalamu huuita Catharanthus roseus. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, na sasa umeenea katika nchi nyingi za joto. Hupenda jua kali, huvumilia ukame, na penye joto hutoa maua karibu mwaka mzima.

Namna ya kuupanda ni hii. Kwanza, maji ya paa yaongozwe kwenye mfereji, kwa sababu vinka huoza mizizi ardhi inapotuama maji. Pili, mbegu zisiwe na gharama: vikonyo vya mbegu vichumwe vinapoanza kugeuka rangi, kabla havijapasuka, kisha vikaushwe kivulini. Tatu, mbegu zisiwe kitaluni kwa kina cha nusu sentimita, zimwagiliwe kidogo na kufunikwa kwa gunia, kwa kuwa huchipua vizuri gizani. Gunia liondolewe mara miche inapojitokeza. Nne, miche yenye majani sita hivi ihamishwe mwanzoni mwa mvua na kupandwa kwa nafasi ya sentimita 30 kila upande. Tuta la mita 10 kwa mita 2 litahitaji miche 220 hivi. Tano, ncha zikatwe mche ukiwa na urefu wa kiganja ili utoe matawi mengi. Samadi iwe kidogo. Ikizidi, mmea huota majani na kusahau maua.

Ieleweke kwamba vinka ni kijichaka kinachosimama, aghalabu kwa urefu wa sentimita 30 hadi 60. Hakitambai wala hakitoi mizizi kila kinapogusa ardhi. Huufunika udongo kwa sababu ya kupandwa karibu karibu. Kwa hiyo unafaa mahali tambarare. Penye mteremko mkali pandeni nyasi zenye mizizi mirefu.

Sasa nina maonyo mawili, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

La kwanza ni sumu. Mmea huu una sumu katika sehemu zake zote. Mbuzi na ng'ombe wasilishwe majani yake, na watoto wasiyatafune. Katika nchi kadhaa watu wamekuwa wakiyachemsha na kuyanywa kama dawa ya kisukari. Watafiti wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, waliyachunguza kwa sababu ya sifa hiyo. Walichokiona ni kwamba dawa iliyomo hupunguza chembe nyeupe za damu, na mwaka 1958 walitangaza dawa waliyoitenga, vinblastini. Baadaye ikapatikana vinkristini, ambayo hospitali huitumia kutibu saratani ya damu kwa watoto. Dawa hizo hupimwa kwa miligramu na kutolewa chini ya uangalizi wa daktari. Sufuria ya majani haina kipimo. Mwanachama mwenye kisukari aende zahanati.

La pili ni biashara. Katika chama kimoja nilikuta kwenye muhtasari wa mkutano pendekezo la kutoa fedha za akiba ili wanachama wang'oe maharage na kupanda vinka, kwa kuwa mgeni mmoja aliwaambia kwamba majani yake yananunuliwa na viwanda vya dawa. Niliuliza: mnunuzi ni nani? Mkataba uko wapi? Bei ya kilo ni kiasi gani, na nani atalipa usafiri? Hapakuwa na jibu hata moja. Ni kweli kwamba dawa hutoka katika majani hayo, lakini huhitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja, na kazi ya kuitenga ni ya viwanda vyenye utaalamu mkubwa. Bila mkataba ulioandikwa, uliosomwa mbele ya Mkutano Mkuu na kukubaliwa, mwanachama atabaki na magunia ya majani asiyoweza kula wala kulisha mifugo.

Basi, ndugu zangu, pandeni vinka uwanjani, si mahali pa maharage. Mbegu ombeni kwa jirani, kitalu kitunzwe kwa zamu, na fedha za akiba zibaki katika akiba.